Aliyejibu 'sawa' kwenye simu asiseme hakutia sahihi

Alfajiri ya Jumamosi, Machi 6, 2021, jirani yangu hapa Kasubi alinigongea mlango kabla muadhini hajamaliza. Malori yake matatu ya mahindi yalikuwa yamelala Busia upande wa Uganda, na dereva wa kwanza alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba hakuna gari la mahindi linalovuka.

Siku moja kabla, Ijumaa, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilikuwa imeandika barua kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo wataalamu huiita aflatoksini.

Mama huyu hununua mahindi Kiboga na Hoima, huyateremsha kwa barabara hii ya Hoima inayopita karibu na milango yetu, kisha huyapeleka mpakani. Mimi na yeye tunaelewana kwa sababu moja kubwa: sote ni watoto wa watu waliokimbia. Wazazi wangu walivuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baba akapata kazi ya ualimu, nami nikasoma huko tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Yeye alikulia Bungoma. Tukikutana tunasema Kiswahili kile cha utotoni, na majirani hutucheka.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe umesomea kwao. Hebu nisomee simu hii. Huyu mtu ananifunga na nini, na mimi sijatia kidole mahali popote?"

Niliisoma. Ulikuwa mfululizo wa jumbe kati yake na mnunuzi mmoja wa Kenya ambaye sitamtaja. Bei kwa kilo, idadi ya magunia, arbuni nusu, salio mzigo ukishavuka. Yote yamo. Na katikati yake, wiki mbili kabla ya malori kupakiwa, ulikuwapo ujumbe mrefu kuliko mingine. Mnunuzi alikuwa ameandika kwamba wakikosana juu ya mzigo huu wasipelekane kortini. Wamtafute msuluhishi mmoja miongoni mwa watu wa nafaka, akae Kisumu, na atakachosema kiwe cha mwisho.

Chini yake jirani yangu alikuwa amejibu: "Sawa boss."

Yaliyofuata wafanyabiashara wa mpakani wanayajua. Machi 10 Kenya iliruhusu mahindi tena, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena ije na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu kumi katika bilioni. Vyeti havikupatikana siku hiyo wala siku iliyofuata. Mvua ikanyesha, maturubai yakavuja, na gharama ya kuegesha ikapanda. Mzigo ulipovuka mwishowe, mnunuzi alisema mahindi yameloa na anataka arbuni yake. Jirani yangu naye alisema anataka salio lake.

Alipata wakili, wakili akafungua kesi hapa Kampala. Wakili wa upande wa pili hakujibu habari ya mahindi hata kidogo. Alileta karatasi moja iliyochapishwa kutoka kwenye simu, akaiomba mahakama isimamishe kesi na kuwaelekeza wahusika kwa msuluhishi, kama walivyokubaliana. Wakili wetu akasimama na hoja ambayo kila mtu hapa Kasubi angeisema: mteja wangu hakutia sahihi mkataba wowote.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria, mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha ngeli.

Kwanza niseme jambo moja, maana neno usuluhishi linawachanganya watu. Sizungumzii wazee wanaowapatanisha mume na mke wakanywa chai. Msuluhishi wa biashara ni mtu ambaye pande mbili zimemchagua awe hakimu wao. Akishaamua, ameamua, na mahakama hutekeleza alichosema isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa.

Faida yake kwa mtu wa mpakani ni kubwa. Hukumu ya mahakama ya nchi moja haitembei kirahisi kwenda nchi nyingine. Inategemea kama nchi hizo mbili zinatambuliana hukumu. Uamuzi wa msuluhishi hutembea kwa pasipoti ya Mapatano ya New York ya Juni 10, 1958, ambayo yana nchi zaidi ya 170. Tanzania iliingia mwaka 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, Burundi na Kongo 2014. China imo tangu 1987, na Falme za Kiarabu tangu 2006. Yaani popote wengi wetu tunapouza au kununua.

Lakini pasipoti hiyo ina sharti, na sharti lenyewe ndilo lililomfanya wakili wetu asimame. Kifungu cha 2 cha Mapatano kinataka makubaliano ya usuluhishi yawe ya maandishi, kisha kinaeleza maandishi ni yapi. Kinataja kifungu cha usuluhishi kilichomo ndani ya mkataba, au makubaliano ya usuluhishi yanayojitegemea. Baada ya hapo pana mkato. Baada ya mkato, kwa Kiingereza, linafuata neno moja la kusema kwamba kitu hicho kimetiwa sahihi na wahusika, au kimo katika barua au telegramu walizopelekeana.

Kitu gani kimetiwa sahihi? Makubaliano peke yake, au na kile kifungu cha ndani ya mkataba pia? Msomaji anaweza kuona ni swali la mitihani, lakini Marekani mahakama mbili za rufaa zimeligombania, na fedha za watu zikiwa katikati.

Mwaka 1994 mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans, katika kesi ya Sphere Drake na Marine Towing, ilikuwa na habari ya chombo kilichozama kabla hati ya bima kumfikia mwenye chombo. Ndani ya hati hiyo mlikuwa na kifungu cha usuluhishi, na hapakuwa na sahihi yake. Majaji walisema sahihi inahitajika kwa makubaliano yanayojitegemea tu. Kifungu kilichomo ndani ya mkataba hakiihitaji. Mwenye chombo akafungwa nacho.

Miaka mitano baadaye, 1999, mahakama ya rufaa ya New York ikasema kinyume. Kesi hiyo wauza nguo wa Kikuubo wangeielewa mara moja. Kampuni ya Kahn Lucas ya New York, wauzaji wa nguo za watoto, ilipeleka oda kwa kampuni ya Lark ya Hong Kong. Oda zilikuwa na kifungu cha usuluhishi. Lark ilipokea oda, mzigo ukaja, lakini haikuweka sahihi yake kwenye oda zile. Nguo zilipoleta mgogoro, Kahn Lucas ikadai usuluhishi. Majaji waliutazama ule mkato, wakaitazama nakala ya Kifaransa na ya Kihispania, ambazo nazo ni nakala halali za Mapatano, wakakuta kwamba huko neno la kutiwa sahihi limeandikwa kwa wingi. Kwa hiyo, wakasema, linahusu vyote viwili, kifungu na makubaliano. Hapana sahihi ya pande zote, hapana barua walizopelekeana, hapana usuluhishi.

Mwanafunzi wangu yeyote wa Senior Two angewaondolea majaji hao kazi ya siku nzima. Kiswahili hakiwezi kulificha jambo hili nyuma ya mkato. Ukisema kilichotiwa sahihi, ni kifungu. Ukisema yaliyotiwa sahihi, ni makubaliano. Ukisema vilivyotiwa sahihi, ni vyote viwili, na shauri limekwisha. Laiti waandishi wa mwaka 1958 wangekuwa na mwalimu wa ngeli mezani! Nilimweleza jirani yangu habari hii akacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi, kisha akaniuliza: "Na mahindi yangu je?"

Mahindi yake hayakutegemea mkato ule. Yeye hakukaa kimya kama Lark. Aliandikiwa, akajibu. Mapatano yenyewe yanasema barua au telegramu zilizopelekwa na kurudishwa zinatosha bila sahihi. Telegramu ni nini, watoto wa siku hizi hawajui. Niliwauliza darasani mwaka huo, na mmoja akasema ni programu ya kwenye simu ya kupakulia filamu. Hakukosea sana. Telegramu ya mababu zetu ilikuwa ujumbe mfupi usio na sahihi ya mkono, uliofika haraka na kuacha karatasi. Kama hiyo ilitosha mwaka 1958, sioni kwa nini WhatsApp isitoshe.

Umoja wa Mataifa nao umeliona hivyo. Julai 2006 tume yake ya sheria ya biashara ya kimataifa ilipendekeza kwamba kifungu kile cha 2 kisomwe kwa kukumbuka kuwa hali zinazotajwa humo ni mifano tu. Mwaka huohuo tume ilirekebisha sheria yake ya mfano, ile ambayo nchi nyingi huiiga. Kwa marekebisho hayo, makubaliano ni ya maandishi maadamu yaliyomo yamehifadhiwa kwa namna yoyote ile, hata kama watu walikubaliana kwa mdomo au kwa vitendo.

India, ambayo wengi wetu hununua kwake dawa na pikipiki, mahakama yake ya juu iliamua Desemba 2014 katika kesi ya Govind Rubber na Louis Dreyfus, watu wa mpira wa kutengenezea matairi, kwamba mkataba usiotiwa sahihi na upande mmoja unaweza kuufunga upande huo ikiwa barua zao na mwenendo wao vinaonyesha waliukubali. Uingereza sheria yake ya 1996 inasema wazi: maandishi ni maandishi, yawe yametiwa sahihi au la.

Sasa turudi nyumbani. Uganda ilitunga Sheria ya Usuluhishi na Upatanisho mwaka 2000. Kifungu chake cha 3, kama kilivyotungwa, kinataka makubaliano yawe ya maandishi, na maandishi hayo ni ama hati iliyotiwa sahihi na pande zote, ama barua walizopelekeana, teleksi, telegramu, au njia nyingine ya mawasiliano inayoacha kumbukumbu ya makubaliano. Kenya ina sheria yake ya 1995 iliyorekebishwa 2009, na hiyo inataja barua pepe kwa jina. Yetu haiitaji, lakini maneno "njia nyingine" yanaichukua, na yanauchukua ujumbe wa simu pia.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Mikataba ya 2010 inasema kuwa mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu, yaani shilingi 500,000, lazima uwe wa maandishi, na ujumbe wa data unahesabika kuwa maandishi ikiwa unaweza kufunguliwa na kusomwa baadaye. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ikasema mkataba usikataliwe kwa sababu tu ulifanyika kwa mtandao. Kwa hiyo mtu anayesimama mahakamani na kusema "sikutia sahihi" anakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Anaulizwa: ulikubali? Kumbukumbu iko wapi?

Nilimshauri jirani yangu aache kupigana juu ya karatasi. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa hiyo ya sheria. Ya pili ilikuwa ya sokoni: fedha za mnunuzi ziko Kenya, na msuluhishi atakaa Kenya, kwa hiyo uamuzi utakuwa umezaliwa karibu na fedha. Wakili wetu hakufurahi, lakini alikubali. Walikwenda Kisumu. Msuluhishi alikuwa mzee mmoja aliyestaafu biashara ya nafaka. Aliomba sampuli, tarehe za kupakia, na picha za maturubai. Alisikiliza siku moja. Aliamua kwamba mahindi ya malori mawili yalikuwa safi na salio lilipwe, na kwamba lori la tatu lilipakiwa likiwa na unyevu tangu Kiboga, kwa hiyo hasara hiyo ni ya muuzaji. Mama huyu hakuipenda sehemu ya pili. Lakini alikubali kwamba mzee yule alijua mahindi kuliko hakimu yeyote ambaye angempata Mengo, na fedha ziliingia kabla ya msimu wa pili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kifungu kisichotiwa sahihi kitekelezwe.

Juu ya mlima wetu huu wa Kasubi wamelala Kabaka wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunawatazama wawili kati yao kwa jicho la pekee, kwa kuwa Mwanga alifia Shelisheli mwaka 1903 na Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969, na wote wawili walirudishwa nyumbani wakiwa maiti. Lakini kwa habari hii ninamfikiria Daudi Chwa. Machi 10, 1900, Mkataba wa Buganda ulipotiwa sahihi na Sir Harry Johnston kwa upande mmoja na watawala wa niaba kwa upande wa pili, Kabaka mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Apolo Kagwa na wenzake walitia sahihi kwa ajili yake. Alikua, akatawala, akafa mwaka 1939, na maisha yake yote alifungwa na karatasi ambayo hakuiweka mkono. Ardhi iliyogawanywa siku ile kwa mailo bado inatupeleka mahakamani.

Kwa hiyo watu wa mlima huu wanajua kwamba sahihi inaweza kuwapo na ridhaa isiwepo, na kwamba mtu anaweza kufungwa na maneno asiyowahi kuyaona. Jambo hilohilo humpata mfanyabiashara mdogo leo kwa njia nyingine. Anapokea ankara baada ya mzigo kuondoka bandarini, na nyuma yake, kwa herufi za ukubwa wa mbegu ya haradali, imeandikwa kwamba migogoro yote itaamuliwa katika mji ulio maili elfu kadhaa kutoka hapa. Au anatumiwa kiungo cha intaneti chenye kurasa arobaini za Kiingereza, na kampuni inasema aliyafungua, basi amekubali. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza vitabu vya shule namna hiyo. Vilikuja nusu, nikaambiwa nipeleke malalamiko kwenye mji ambao nauli ya kuufikia ingenunua vitabu hivyo mara nne. Niliacha.

Kukubali ni kukubali kitu ulichokijua. Mahakama zetu zinapoombwa kutekeleza makubaliano yasiyo na sahihi, ningependa ziulize mambo ya kawaida kabisa: maneno yale yalimfikia lini, kabla ya kupakia au baada? Yalikuwa katika lugha anayoisoma? Alijibu nini, au alifanya nini baada ya kuyaona? Jirani yangu aliandikiwa kwa Kiswahili, mistari mitatu, wiki mbili kabla. Huyo alijua. Mtu wa kiungo cha kurasa arobaini sina hakika naye, na sidhani hakimu anapaswa kuwa na hakika kwa niaba yake.

Wafanyabiashara wa kahawa wako mahali pa katikati. Barua ya mauzo ya kahawa huweza kuwa na mistari michache tu, na mmoja wao unataja mkataba wa kawaida wa kahawa wa Ulaya, ambao una usuluhishi wa London, Hamburg au mji mwingine wa huko. Sheria yetu inakubali kifungu kuingia kwa njia hiyo ya kutajwa. Wanaofanya biashara hiyo kila siku wanaujua mstari ule. Mgeni anayeuza kontena lake la kwanza afadhali aulize kabla ya kujibu.

Upungufu wa sheria yetu ninaouona mimi uko kwa watu wa Lark, wale wa vitendo. Mnunuzi anatuma oda yenye kifungu. Muuzaji hajibu neno, anapakia. Je, wamepelekeana barua? Imekwenda moja tu, hakuna iliyorudi. Au muuzaji anajibu kwa ujumbe wa sauti: "Haya, twende hivyohivyo." Au watu wawili wanakubaliana kwa simu na mmoja anaandika baadaye walichosema. Hiyo ndiyo biashara ya mpaka ilivyo, Busia, Malaba, Mpondwe, Elegu. Maneno ya mwaka 2000 yanaweza kuvutwa yakayafikia mambo haya, lakini sheria inayovutwa na kila hakimu kwa nguvu zake haimpi mtu hakika.

Na majirani zetu wa magharibi wametutangulia. Kongo imo katika OHADA, ule umoja wa sheria za biashara wa nchi zinazotumia Kifaransa kwa wingi, tangu mwaka 2012. Sheria ya usuluhishi ya umoja huo, iliyofanywa upya Novemba 2017, inataka makubaliano yawe ya maandishi au ya njia nyingine yoyote inayoweza kuyathibitisha. Kwa hiyo mtu wa Beni au Bunia ana sheria iliyo wazi kuliko ya mtu wa Kampala anayemuuzia sabuni. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tunazungumza kila siku juu ya soko moja. Tungeanza na swali hili dogo la nini ni maandishi.

Ninaliomba Bunge lichukue maneno ya mfano wa 2006: makubaliano ni ya maandishi ikiwa yaliyomo yamehifadhiwa kwa namna yoyote, hata yakiwa yalifanyika kwa mdomo au kwa vitendo. Ni sentensi moja. Na liongeze la pili ambalo mfano ule haulisemi kwa ukali ninaoutaka: kwamba anayedai kifungu ndiye athibitishe kuwa mwenzake alikipata kabla ya mzigo kuondoka.

Wapo watakaosema biashara ndogo haihitaji mambo haya, tuache wakubwa wa Kampala na Nairobi wahangaike nayo. Hao wanasahau Sudan Kusini. Kati ya mwaka 2008 na 2010 kampuni za Uganda zilipeleka mtama na bidhaa nyingine kwa serikali ya huko, hazikulipwa, kisha vita vikaja Desemba 2013. Ilipofika 2016 serikali mbili zilikuwa zimekaa mezani, na Uganda ikakubali kulipa kampuni kumi kiasi cha dola milioni 41 na kuzidai Juba kama mkopo. Baadaye Bunge likachunguza nani alistahili na nani hakustahili. Wakulima waliowauzia wafanyabiashara hao kwa mkopo hawakuwa na meza ya kukaa. Sisemi kifungu cha usuluhishi kingeizuia vita. Ninasema deni linalosubiri marais wakutane ni deni la watu wanaojulikana na marais.

Kwa mwenye lori moja, msaada wa kwanza uko mfukoni mwake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ndiyo daftari letu. Lakini simu huibiwa kwenye kituo cha magari siku moja, na daftari likaondoka nayo. Tuma nakala ya mazungumzo kwenye barua pepe, au chapisha kwa shilingi mia tano pale dukani. Angalia kama mwenzako amewasha ule mpangilio wa jumbe kujifuta baada ya siku saba. Akiwa ameuwasha katikati ya biashara, muulize kwa nini. Na usijibu jambo zito kwa kidole gumba cha njano. Rudia maneno yenyewe: nimekubali msuluhishi mmoja, akae mahali fulani, lugha Kiswahili. Kama mahali hapakufai, sema siku hiyohiyo, siyo baada ya mvua.

Hilo la lugha ninalisisitiza, na si kwa sababu ndiyo inayonilisha. Wahusika wanayo haki ya kuchagua lugha ya usuluhishi. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na sisi tuliorudi nacho kutoka Kenya na Tanzania tuliwahi kuchekwa kwa ajili yake. Mkutano wa Kisumu ulikwenda siku moja kwa sababu hapakuwa na mkalimani.

Jirani yangu siku hizi ana ujumbe wake wa mistari minne, tuliouandika pamoja kwenye meza yangu ya kusahihishia mitihani. Humtumia kila mnunuzi mpya, na hapakii hadi ajibiwe. Jana jioni aliutuma kwa mtu wa Bunia anayetaka magunia mia mbili. Leo asubuhi fuso lilikuwa tayari mbele ya lango, injini inanguruma, utingo amekaa juu ya turubai. Alinionyesha simu. Ujumbe ulikuwa na alama moja tu ya kijivu.

Alimwambia dereva azime gari.